Hesabu za matangazo ya mtandaoni zinapoachiwa mtarajali

KATIKA miaka ambayo tangazo la biashara lilikuwa karatasi na wino, mwenye duka aliyelipia robo ukurasa hakuhitaji mtaalamu wa kumthibitishia kwamba fedha zake zimefanya kazi. Alinunua gazeti asubuhi, akalifungua, akaliona tangazo lake mahali alipoahidiwa, kisha akasubiri simu. Hakujua ni watu wangapi walilisoma, lakini alijua bila shaka kwamba lilikuwapo.

Leo mwenye duka huyo huyo analipia tangazo asiloliona. Linatokea kwenye simu za watu wengine, kwa nyakati asizozipanga, katika kurasa ambazo yeye mwenyewe hatazifungua kamwe. Ushahidi pekee anaopewa kwamba fedha zake hazikupotea ni taarifa ya kurasa chache yenye michoro ya rangi, inayoletwa na wakala wake kila wiki au kila mwezi.

Jambo lisilojulikana sana nje ya ofisi hizo ni kwamba taarifa hiyo mara nyingi huanzia mikononi mwa mtu mwenye cheo cha chini kuliko wote: kijana aliye katika mafunzo kwa vitendo, ambaye nyaraka za serikali humwita mtarajali, na ambaye mkataba wake, kama anao, ni wa miezi michache tu.

Si vibaya kijana kujifunza kazi kwa kuifanya. Hoja iko kwenye aina ya kazi anayokabidhiwa. Katika benki, mwanafunzi wa uhasibu haachiwi peke yake kufunga hesabu za siku. Katika matangazo ya mtandaoni, ambako mamilioni ya shilingi hugawanywa kwa kuzingatia tarakimu za jana, mara nyingi yeye ndiye mtu wa kwanza kuzitazama tarakimu hizo, na wakati mwingine ndiye wa mwisho.

Siku ya mtarajali wa aina hiyo jijini Dar es Salaam huanza saa mbili asubuhi kwa kazi ambayo kwa nje huonekana nyepesi, nayo ni kukusanya hesabu. Hufungua akaunti za wateja katika Google, kisha katika Meta, kampuni inayomiliki Facebook na Instagram, kisha huomba takwimu kutoka tovuti za ndani zilizobeba matangazo hayo. Kila mahali huandika mambo matatu: maonyesho, yaani tangazo limetokea mara ngapi kwenye kioo cha simu au kompyuta, mibofyo, yaani limeguswa mara ngapi, na gharama. Vyote huingizwa katika jedwali moja la Excel.

Fumbo la kwanza hujitokeza kabla hata ya chai. "Jana" inayohesabiwa ni jana ya wapi? Akaunti iliyofunguliwa kwa saa za California huifunga siku yake usiku wa manane wa huko, ambao kwa Dar es Salaam ni saa nne asubuhi, na katika miezi ya baridi ya Marekani ni saa tano. Mtarajali asiyeelezwa jambo hilo huandika saa mbili kwamba kampeni ya mteja imeporomoka. Ikifika saa sita mchana, kampeni imepona yenyewe bila dawa.

Fumbo la pili ni kubwa zaidi. Tarakimu za mnunuzi na za muuzaji hazilingani. Mfumo wa wakala unasema tangazo limetokea mara laki moja, tovuti iliyolibeba inasema ni mara laki moja na elfu nane. Mikataba ya kawaida ya biashara hii, iliyoandaliwa Marekani, huchukulia tofauti ya hadi asilimia 10 kuwa jambo la kuvumilika na hudai maelezo pale tu inapozidi hapo. Muuza sukari Kariakoo ambaye mizani yake ingekosea kilo moja katika kila kilo kumi asingedumu sokoni hata juma moja. Hapa kosa hilo limepewa nafasi yake ndani ya mkataba.

Ili kuona uzito wa kazi hiyo, upo mfano wa kubuni, wa tarakimu rahisi. Mteja anatoa shilingi milioni 10, na bei ni shilingi 4,000 kwa kila maonyesho 1,000. Anapata maonyesho milioni 2.5. Taarifa ikianza na tarakimu hiyo, masikio ya mteja husikia watu milioni mbili na nusu, umati unaokaribia nusu ya jiji.

Lakini onyesho si mtu. Kama kila mtu aliletewa tangazo hilo mara 10, waliofikiwa ni watu 250,000. Wala onyesho si lazima lionekane. Kigezo kilichowekwa nchini Marekani mwaka 2014, na ambacho sehemu kubwa ya dunia imekifuata, kinasema tangazo la picha limeonekana iwapo nusu ya eneo lake ilikuwa kwenye kioo kwa sekunde moja mfululizo. Kwa video ni sekunde mbili. Nusu ya tangazo, kwa muda usiotosha kutamka jina la bidhaa, ndicho kipimo cha heshima kabisa katika biashara hii. Iwapo nusu tu ya maonyesho ya mteja yanakifikia kipimo hicho, yamebaki milioni 1.25.

Waliobofya, iwapo ni wawili katika kila 1,000, ni mibofyo 5,000, sawa na shilingi 2,000 kwa kila mbofyo mmoja. Iwapo nusu ya hao waliondoka kabla ukurasa haujafunguka, kwa sababu kidole kiliteleza kilipokuwa kinatafuta alama ya kufungia tangazo, mbofyo wa kweli umegharimu shilingi 4,000. Na iwapo waliopiga simu dukani ni 50, kila simu imenunuliwa kwa shilingi 200,000.

Tarakimu zote hizo, kuanzia milioni 2.5 hadi 50, zinatoka katika kampeni moja, na hakuna hata moja ambayo ni ya uongo. Swali ni ipi iandikwe juu kwa herufi nene na ipi iachwe ukurasa wa tano. Mtarajali ndiye anayeandaa rasimu, lakini hujifunza upesi, bila kuambiwa kwa maneno mengi, kwamba rasimu inayoanza na milioni hupita, na inayoanza na 50 hurudishwa.

Sababu ya rasimu kurudishwa si siri. Kwa miongo mingi wakala wa matangazo duniani amekuwa akilipwa kwa kamisheni, yaani sehemu ya fedha ambazo mteja anatumia. Asilimia 15 ndicho kiwango kilichozoeleka zaidi katika enzi za magazeti na televisheni, na ingawa siku hizi ipo mikataba ya namna nyingine, malipo yanayofuata ukubwa wa bajeti hayajatoweka. Katika mpango huo, mchambuzi anayegundua kwamba theluthi ya fedha inapotea amegundua pia namna ya kupunguza mapato ya ofisi yake mwenyewe. Mtandao unaouza nafasi hunufaika kwa hesabu kubwa. Tovuti hunufaika vivyo hivyo. Hata ofisa masoko wa upande wa mteja, aliyeomba bajeti hiyo kwa mkurugenzi wake, ana sababu ya kutaka michoro inayopanda. Katika mnyororo wote huo, mwenye fedha peke yake ndiye anayehitaji ukweli, naye hayumo chumbani.

Kampuni kubwa za dunia zimekwisha kuonja matokeo yake. Septemba 2016 Facebook ilikiri kwamba kwa muda wa miaka miwili ilikuwa ikikuza wastani wa muda ambao watu hutazama video, kwa kuwa iliwaacha nje ya hesabu wote waliotazama kwa chini ya sekunde tatu. Publicis, moja ya kampuni kubwa za ununuzi wa matangazo, iliwaeleza wateja wake kwamba wastani huo ulikuwa umekuzwa kwa kati ya asilimia 60 na 80. Mwaka 2019 Facebook ilikubali kulipa dola milioni 40 za Marekani kuimaliza kesi iliyofunguliwa na wenye matangazo, bila kukiri kutenda kosa. Mwaka 2017 Procter & Gamble, watengenezaji wa sabuni ya Ariel na nepi za Pampers, walikata zaidi ya dola milioni 100 za matangazo ya mtandaoni katika robo moja ya mwaka. Walieleza baadaye kwamba mauzo hayakuyumba.

Mfano wa eBay ndio unaofundisha zaidi. Mnada huo wa mtandaoni wa Marekani ulikuwa ukiilipa mitandao ya kutafutia habari ili mtu akiandika neno "eBay" aletewe tangazo la eBay juu ya orodha. Kwenye taarifa, matangazo hayo yalionekana kuwa mabingwa, kwa kuwa karibu kila aliyeyabofya alikuwa mteja kweli. Mwaka 2012 wachumi waliokuwa wakifanya kazi humo walifanya jambo ambalo hakuna mchoro uliowashauri kulifanya. Waliyazima. Asilimia 99.5 ya watu hao waliingia eBay vilevile, kwa kubofya jina la bure lililokuwa chini yake. Kampuni ilikuwa ikiwalipia wageni ambao tayari walikuwa mlangoni.

Kuzima tangazo mahali pamoja na kuliacha mahali pengine, kisha kulinganisha mauzo, ni uchambuzi ambao mwanafunzi yeyote wa takwimu anaweza kuupanga kwa siku moja. Tangazo lisimamishwe Mwanza kwa wiki mbili, liendelee Arusha, na vitabu vya mauzo vya miji yote miwili vifunguliwe. Hakuna programu ya kununua wala mtaalamu wa kuletwa kutoka nje. Hata hivyo, ni nadra mtarajali kupewa kazi hiyo, kwani inahitaji mtu mwenye sauti ya kutosha kumwambia mteja asitumie fedha zake kwa wiki mbili.

Badala yake, mchana wake huishia katika kutafuta sababu za kupanda na kushuka kwa mistari. Hapo ndipo mazingira ya nyumbani yanapoumbua vipimo vilivyotengenezwa ugenini.

Mei 12, 2024 nyaya mbili za intaneti zilizo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika vibaya. Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchini na kubaki hivyo kwa siku kadhaa. Katika jedwali la Excel matukio hayo mawili yana sura moja: mstari ulioanguka hadi chini. Mfumo hautoi sababu. Mashine inayoongoza matangazo yenyewe, ikiona wateja wamenyamaza ghafla, inaweza kuchukulia kwamba tangazo limechosha watu na kuhamishia fedha kwingine.

Tangu Mei 2025, mtandao wa X ulipofungiwa nchini, watumiaji wengi wamekimbilia programu za VPN, ambazo huficha mahali mtu alipo. Kijana aliyeketi Ubungo anaweza kuhesabiwa kuwa yuko Uholanzi. Kabla ya hapo kulikuwa na kivinjari cha Opera Mini, kilichopendwa kwa sababu hubana kurasa na kuokoa kifurushi. Nacho hupitisha kurasa katika seva za kampuni hiyo kabla ya kuzifikisha kwenye simu, hivyo mfumo wa kupimia usioandaliwa humhesabu msomaji wa Mbagala kuwa yuko pale seva ilipo. Aidha, kampuni za simu huwagawia wateja wengi anwani moja ya intaneti. Abiria mia moja wanaosubiri mabasi katika stendi ya Magufuli wakibofya tangazo la nauli kwa saa moja, mtambo wa kunasa udanganyifu unaweza kuwaona ni mashine moja iliyobofya mara mia, ukawafuta.

Halafu ipo simu ya mama. Mchana hushikwa na mwenyewe, jioni huchukuliwa na mtoto kwa ajili ya michezo, na katikati ya mchezo tangazo la mkopo hutokea na kubofywa na kidole cha mtoto wa miaka mitano. Kwenye taarifa, mtoto huyo ni mwanamke wa miaka 34 mwenye nia ya kukopa.

Kosa huelekea upande wa pili pia, na hili husemwa mara chache. Mnunuzi wa Dar es Salaam huliona gauni kwenye Instagram siku ya Jumatatu, humuuliza jirani, hupiga simu kuulizia bei, na Jumamosi huenda mwenyewe Kariakoo, akapatana bei na kulipa taslimu au kwa lipa namba. Kwa mfumo uliotengenezwa kwa ajili ya watu wanaonunua kwa kadi ndani ya tovuti, mauzo hayo hayapo. Tangazo limefanya kazi yake, lakini taarifa inasema limeshindwa, na mteja anashauriwa kuliondoa.

Mtarajali aliyezaliwa Manzese anayajua haya yote bila kufundishwa. Anajua nani hushika simu ya nani saa ngapi, anajua kifurushi cha usiku huanza lini, anajua kwa nini mtu ataguswa na tangazo na bado asinunue mpaka mwisho wa mwezi. Ujuzi huo, ambao mtambo wa California hauna, ndiyo mali kubwa aliyoingia nayo ofisini. Jedwali alilopewa halina safu ya kuuandika.

Udanganyifu wa makusudi ni sura nyingine. Novemba 2021 mahakama ya shirikisho huko Brooklyn, New York, ilimhukumu raia wa Urusi, Aleksandr Zhukov, kifungo cha miaka 10 jela. Kwa mujibu wa waendesha mashtaka, kati ya mwaka 2014 na 2016 yeye na wenzake walikodi seva zaidi ya 1,900 katika mji wa Dallas na kwingineko, wakaziandalia programu zijifanye binadamu. Seva hizo zilisogeza kipanya, ziliteremka ukurasa kama msomaji, hata zikaonekana kana kwamba zimeingia Facebook, huku zikifungua kurasa bandia zilizobeba majina ya tovuti zaidi ya 5,000. Wenye matangazo, wakiwamo The New York Times na hospitali moja ya watoto ya Texas, walitozwa jumla ya zaidi ya dola milioni 7 kwa matangazo ambayo hayakuonwa na jicho la mtu.

Alama za udanganyifu wa namna hiyo, kwa mtu mwenye subira, huonekana katika mafaili yale yale ambayo mtarajali huyanakili kila asubuhi: mibofyo mingi ya saa tisa usiku isiyo na usingizi wala sikukuu, simu elfu moja za aina moja na toleo moja, wageni wanaokaa kwenye ukurasa kwa sekunde zinazolingana. Kuziona ni sehemu moja ya kazi. Kuzisema ni sehemu nyingine. Mteja huuliza kwa nini hakuambiwa mwezi uliopita, msimamizi huuliza nani kamruhusu kijana kuzungumza na mteja, na kijana hukumbuka kwamba barua yake ya utambulisho kwa mwajiri wa baadaye bado haijasainiwa.

Kazi nyingine ya mtarajali inawagusa wasomaji wa magazeti moja kwa moja, nayo ni kuandaa orodha ya maneno mabaya. Mwenye tangazo la maziwa hapendi lionekane kando ya habari ya mauaji, kwa hiyo wakala huupa mfumo maneno ambayo ukurasa ukiwa nayo tangazo lisiwekwe. Mwaka 2020, janga la corona lilipoanza, neno la ugonjwa huo liliingizwa katika orodha hizo, na magazeti ya Ulaya na Marekani yalijikuta yakisomwa kuliko wakati wowote huku matangazo yakizikimbia kurasa zilezile zilizosomwa.

Kwa Kiswahili jambo hilo lina vituko vyake. Orodha ya Kiingereza ikitafsiriwa neno kwa neno, "kuua" itaingia, na pamoja nayo kila kichwa cha habari za michezo kinachosema timu fulani imeua, imechinja au imetoa kichapo. Ukurasa wa pambano la Simba na Yanga, ambao ndio wenye wasomaji wengi kuliko wote, utahesabiwa kuwa uwanja wa vita. Risasi ni ya bunduki, lakini pia ni madini. "Ua" ni amri ya kutoa roho, ni uzio wa nyumba, ni waridi. Anayeweza kuzitenganisha maana hizo ni mtu anayeijua lugha, na katika ofisi nyingi mtu huyo ni mtarajali. Akiharakishwa, gazeti la Kiswahili hukosa mapato kwa kosa la kuandika Kiswahili.

Mapato hayo yenyewe si mengi. Mwaka 2020 chama cha wenye matangazo cha Uingereza, ISBA, pamoja na kampuni ya ukaguzi ya PwC, walifuatilia safari ya fedha za matangazo yanayonunuliwa kwa mnada wa mitambo. Waligundua kwamba mchapishaji alifikiwa na wastani wa asilimia 51 tu. Nyingine zilichukuliwa na mawakala na mitambo ya katikati, na asilimia 15 haikujulikana ilikokwenda, ingawa wakaguzi walikuwa na vitabu mkononi. Aprili 17, 2025 jaji Leonie Brinkema wa mahakama ya shirikisho ya Virginia aliamua kwamba Google imehodhi kinyume cha sheria baadhi ya mitambo hiyo ya katikati. Soko ambalo mahakama ya nchi yake imesema halikuwa huru ndilo ambalo gazeti la Dar es Salaam au Nairobi hupelekea kurasa zake kila siku.

Ipo pia hatari inayomkabili mwananchi ambaye hajawahi kununua wala kuuza tangazo. Mchana mmoja mtarajali huweza kutumiwa faili lenye namba za simu za wateja wa duka, shule au kampuni ya mikopo, na kuagizwa kulipakia katika mtandao wa kijamii ili matangazo yawafuate watu hao au wanaofanana nao. Faili huja kwa WhatsApp. Hufunguliwa kwenye kompyuta yake binafsi, kwa kuwa ofisi haikumpa nyingine, na hubaki humo.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka anayekusanya taarifa za mtu azitumie kwa lengo alilozikusanyia na azilinde. Kenya ilitangulia na sheria yake ya mwaka 2019. Mzazi aliyeandika namba yake katika fomu ya kumwandikisha mtoto shule hakuiandika ili afuatwe na matangazo, wala hakufikiria kwamba itasafiri ndani ya daladala kwenye begi la mwanafunzi. Sheria humtazama mwenye taasisi. Aliyebonyeza kitufe ni kijana ambaye pengine hakuwahi kuonyeshwa hata kifungu kimoja.

Kuhusu malipo, hali hutofautiana. Zipo ofisi zinazowapa watarajali posho inayotosha maisha, zipo zinazotoa nauli na chakula cha mchana, na zipo zinazohesabu kwamba uzoefu ndiyo malipo. Ufaransa iliamua kwa sheria ya Julai 10, 2014 kwamba mafunzo yanayozidi miezi miwili lazima yalipiwe kima kilichowekwa. Hoja hiyo kwa kawaida hutetewa kwa upande wa haki ya kijana. Upande wa mteja haujadiliwi, ilhali yeye ndiye anayetozwa ada ya uchambuzi katika ankara, na angeshangaa kuona ni kiasi gani cha ada hiyo kinamfikia mchambuzi.

Wapo wanaosema mjadala huu umepitwa na wakati kwa sababu mashine zinaichukua kazi yote. Ni kweli kwamba Google, kwa mfumo wake wa Performance Max ulioanza mwaka 2021, na Meta, kwa mifumo yake ya Advantage+ iliyofuata mwaka 2022, zimewaondolea watu maamuzi mengi: nani aonyeshwe, wapi, saa ngapi, kwa bei gani. Kunakili tarakimu, kazi ya saa mbili asubuhi, kunaweza kufanywa na programu. Lakini mashine hiyo ni ya muuzaji. Inaweka bei, inachagua mahali, inahesabu, kisha inajitolea yenyewe taarifa kwamba imefanya vizuri. Kadiri inavyofanya mengi, ndivyo anavyohitajika mtu wa upande wa mnunuzi mwenye uwezo wa kuuliza na mwenye ruhusa ya kuuliza.

Ruhusa hiyo inaweza kuandikwa. Mteja anaweza kudai katika mkataba kwamba apewe namba ya kuingilia akaunti zake mwenyewe badala ya picha za michoro. Kwamba taarifa itaje watu waliofikiwa kabla ya maonyesho. Kwamba mara moja kwa mwaka tangazo lizimwe mkoa mmoja kwa majaribio. Na kwamba ada ya uchambuzi isifuate ukubwa wa bajeti. Anaweza pia kuuliza swali ambalo mikutano ya aina hiyo haijalizoea: nani hasa aliyeandaa hesabu hizi, na kwa nini hayupo hapa mezani.

Kwa sasa, jioni ikifika, taarifa hubadilishwa jina la faili, huwekwa nembo ya wakala na kutumwa kwa mteja ikiwa na jina la msimamizi. Miezi ya mafunzo ikiisha, mtarajali huondoka na kompyuta yake, yenye orodha ya tovuti alizozitilia shaka na maelezo ya siku ambazo mistari ilianguka na sababu zake. Jumatatu inayofuata huja mwingine, akaonyeshwa dawati, akapewa namba za siri za akaunti, na akaagizwa kuanza na hesabu za jana.